Nani hupanga mshahara wa rubani?

SAA moja ya kapteni mkongwe wa ndege kubwa ya masafa marefu, katika mashirika makubwa ya Marekani kama Delta na United, sasa inauzwa kwa zaidi ya dola 400. Kwa mfanyabiashara aliyezoea kusoma bei za kahawa, pamba na dhahabu, hiyo ni bei kama bei nyingine, nayo ni bei nzuri. Lakini si zamani sana bidhaa hiyohiyo ilidoda sokoni. Mwaka 2009 rubani msaidizi aliyeanza kazi katika mashirika madogo ya nchi hiyohiyo alilipwa kati ya dola 20 na 25 kwa saa, na wapo walioongezea kipato kwa kazi nyingine ili waweze kulipa pango.

Maelezo yanayotolewa na wenye mashirika, na kurudiwa na wachunguzi wengi wa mambo ya uchumi, ni kwamba marubani wameadimika, na kitu kikiadimika bei hupanda. Maelezo hayo ni ukweli nusu. Nusu ya pili haisemwi sana: uadimu wenyewe uliandikwa na Bunge la Marekani. Anayefuatilia daftari la mishahara ya marubani wa nchi hiyo tangu mwaka 1934 ataona kwamba karibu kila mara bei ilipogeuza mwelekeo, palikuwa na sheria au hakimu nyuma yake. Nguvu ya soko ilifika baadaye, ikaanzia pale sheria ilipoiacha.

Jambo hili linawahusu hata walio mbali na Chicago na Atlanta, kwa sababu Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika Mashariki wapo wazazi wanaouza viwanja ili mtoto akasomee urubani, wakipiga hesabu kwa mishahara wanayoisoma magazetini. Ni vyema wajue mishahara hiyo hutoka wapi.

Saa inavyohesabiwa

Kwanza, saa ya rubani si saa ya mfanyakazi wa ofisini. Katika mikataba mingi ya Marekani saa huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho yake na huishia inapoegeshwa kituo cha mwisho. Muda wa kufika uwanjani, kusoma taarifa za hali ya hewa, kukagua ndege na kusubiri mvua iishe haumo, au unalipwa kidogo kwa njia nyingine. Ndiyo maana rubani anayelipwa saa 75 kwa mwezi anaweza kuwa nje ya nyumba yake siku 15 au zaidi. Sheria inamzuia kuruka zaidi ya saa 1,000 kwa mwaka.

Pili, bei ya saa hutegemea vitu vitatu: cheo (kapteni au msaidizi), aina ya ndege, na miaka aliyokaa katika shirika hilo. Hiki cha tatu ndicho kiini cha mambo yote. Kila shirika lina orodha ya ukongwe kazini. Aliyeajiriwa jana yuko chini, na kila anayestaafu huwasogeza juu waliobaki. Orodha hiyo ndiyo huamua nani atakuwa kapteni, nani atarusha ndege kubwa, nani atalala kwake siku ya Krismasi, na nani atatangulia kupunguzwa kazi mambo yakiharibika.

Orodha haihamishiki. Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka 20 akichoka na mwajiri wake huhamia kwingine na kudai mshahara mkubwa zaidi. Rubani wa miaka 20 akihamia shirika jingine kubwa huanza namba ya mwisho, kwa mshahara wa mwaka wa kwanza, chini ya vijana aliokuwa akiwafundisha. Pan Am ilipokufa Desemba 1991, wapo makapteni wa Boeing 747 waliojikuta wakiomba kazi ya usaidizi kwenye ndege ndogo. Kwa hiyo mwajiri wa rubani anajua jambo ambalo waajiri wengine hulitamani tu: mfanyakazi wake mkongwe hana pa kwenda. Chama cha wafanyakazi ndicho kilichodai orodha hiyo ili kuwalinda wanachama dhidi ya upendeleo wa mabosi. Iliwalinda kweli, lakini pia iliwafunga.

Uamuzi namba 83

Marubani wa kwanza wa abiria na barua nchini Marekani walilipwa kwa maili. Ndege zilikwenda polepole, na mpango huo haukumsumbua mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 zikaja ndege za kasi, na wenye mashirika wakafanya hesabu ya haraka: rubani akibaki kwenye malipo ya maili, kila ndege mpya itamwongezea mshahara bila kuongeza saa zake. Wakataka kuhamia kwenye malipo ya saa, ili faida ya kasi ibaki kwa mwenye ndege.

Marubani walikuwa wamekwisha kujipanga. Mwaka 1931, wakiongozwa na David Behncke, walianzisha chama chao, Air Line Pilots Association, au ALPA. Mgogoro ukapelekwa serikalini, na Mei 1934 Bodi ya Taifa ya Kazi ikatoa uamuzi uliopewa namba 83. Rubani atapata mshahara wa msingi, na juu yake malipo ya saa yanayopanda kadiri ndege inavyokuwa ya kasi, na nyongeza ya maili. Tena hataruka zaidi ya saa 85 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, faida ya mashine mpya itagawanywa kati ya mwenye mtaji na anayeishika usukani.

Uamuzi huo uliingizwa katika sheria ya barua za ndege ya mwaka 1934 na ile ya usafiri wa anga ya mwaka 1938, na hadi leo umetajwa katika sheria za Marekani kama kiwango ambacho shirika haliruhusiwi kushuka chini yake. Ni nadra kukuta wafanyakazi wa sekta binafsi ambao kanuni ya mshahara wao imeandikwa na serikali ya kibepari namna hiyo. Baadaye, mikataba ya hali bora za kazi iliongeza uzito wa ndege kwenye hesabu. Hapo ndipo utajiri ulipokuja. Ndege aina ya DC-3 ya miaka ya 1930 ilibeba abiria wapatao 21. Boeing 747, iliyoanza kubeba abiria Januari 1970 ikiwa na Pan Am, ilibeba zaidi ya 350 na kwenda mara tatu ya kasi ile. Kanuni iliyofuata kasi na uzito haikuwa na njia ila kupanda.

Mashirika hayakulia sana, na sababu yake ni rahisi. Tangu mwaka 1938 bodi ya serikali, CAB, ilikuwa ikipanga nauli na kuamua nani aruke njia gani. Gharama zikipanda, shirika liliomba nauli mpya, na abiria akalipa. Mshahara mnono wa kapteni wa miaka ya 1960 na 1970, ambao wazee wa kazi hiyo huusimulia kwa machozi, haukuwa tunu ya soko huria. Ulikuwa tunda la ukiritimba ulioidhinishwa, na mwenye kuugharimia alikuwa abiria, ambaye wakati huo alikuwa mtu mwenye pesa zake.

Milango yafunguliwa

Oktoba 24, 1978, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa udhibiti wa nauli na njia. Kwa abiria ilikuwa neema, na haifai kuibeza. Nauli zilishuka, na watu wa kawaida wakaanza kupanda ndege. Lakini kwa mara ya kwanza mshahara wa rubani ukawa gharama ambayo mshindani anaweza kuikwepa.

Matokeo hayakuchelewa. Septemba 1983 shirika la Continental, chini ya Frank Lorenzo, liliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai huku likiwa bado na fedha mkononi. Lilifuta mikataba ya wafanyakazi na kurudi angani siku chache baadaye na mishahara iliyokatwa karibu nusu. Makapteni waliambiwa watapata dola 43,000 kwa mwaka. Waligoma hadi mwaka 1985 na kushindwa. Mwaka huohuo wa 1983, American Airlines chini ya Robert Crandall ilitumia njia ya upole zaidi: wa zamani wabaki na mishahara yao, ila watakaoajiriwa kuanzia sasa wawe na ngazi yao ya chini. Wazee walipiga kura ya ndiyo. Kijana ambaye mshahara wake ulikuwa ukipigiwa kura hakuwamo ukumbini, maana alikuwa bado hajaajiriwa. Shirika likatumia unafuu huo kununua ndege nyingi, na vijana wakawa wengi kuliko wazee, nao wakaanza kudai kilichouzwa bila wao.

United ilijaribu njia ambayo wasomaji wa habari za ubinafsishaji wataitambua. Mwaka 1994 marubani, mafundi na baadhi ya wafanyakazi wengine walikubali kukatwa mishahara, na badala yake wakapewa asilimia 55 ya hisa za kampuni. Kwa miaka michache ilionekana ni akili, kwani hisa zilipanda. Mwaka 2000 marubani hao, wakiwa ni wenye mali na waajiriwa kwa wakati mmoja, walikataa kazi za ziada majira yote ya kiangazi hadi maelfu ya safari yakafutwa. Wakapata mkataba wenye nyongeza ya hadi asilimia 28. Delta ikafuata mwaka 2001 kwa mkataba mnono zaidi. Huo ulikuwa kilele.

Hakimu wa mufilisi

Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yalikuta sekta imekwisha kuanza kuyumba. United iliomba kinga ya mahakama Desemba 2002, na zile hisa walizonunua wafanyakazi kwa mishahara yao zikawa karatasi. Mshahara wa marubani ukakatwa takriban asilimia 30. Marubani wa Delta walikubali kukatwa asilimia 32.5 mwaka 2004 ili kuepusha mahakama, na mwaka uliofuata shirika likaenda mahakamani hata hivyo, likawakata tena.

Kilichouma zaidi ni pensheni. Mei 2005 mahakama iliiruhusu United kuachana na mifuko yake ya pensheni na kuibwaga kwa shirika la serikali la bima ya pensheni, PBGC. Mifuko ilikuwa na pengo la dola bilioni 9.8, na bima ilibeba bilioni 6.6 tu. Zilizobaki zilipotea kutoka mifukoni mwa wafanyakazi na wastaafu. Kiwango cha juu cha bima hiyo mwaka 2005 kilikuwa takriban dola 45,600 kwa mwaka kwa aliyestaafu na miaka 65, na hupunguzwa kwa anayestaafu mapema. Sasa, sheria nyingine ya serikali hiyohiyo ilimkataza rubani wa abiria kuruka akishafika miaka 60. Hivyo aliyestaafu kwa lazima ya sheria alihesabiwa na bima kama mtu aliyeamua kupumzika mapema, na kiwango chake cha juu kikawa chini ya dola 30,000. Mtu huyo alikuwa amejadiliana kwa miaka 30, akipokea kidogo leo ili apate pensheni kesho.

Kwa nini hawakuondoka? Jibu liko kwenye ile orodha ya ukongwe. Aliyekuwa na miaka 50 na namba ya juu United alijua kwamba hata akikatwa asilimia 30 bado anapata zaidi ya atakachopata akianza upya kwingine. Mwajiri alijua hivyo, na hakimu alijua hivyo. Ukweli ni kwamba, pale mahakamani, mkataba wa kukodisha ndege uliheshimiwa zaidi kuliko mkataba wa anayeirusha, kwa sababu mwenye ndege anaweza kuja kuichukua.

Mwishoni mwa mwaka 2007 ikaja sheria nyingine, iliyopandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 60 hadi 65. Wazee waliopoteza pensheni waliipokea kwa mikono miwili. Lakini kwa miaka mitano hakuna aliyestaafu kwa umri, orodha zikasimama, na rubani msaidizi aliyekuwa akihesabu siku za kuwa kapteni akaganda alipokuwa.

Januari 15, 2009, Kapteni Chesley Sullenberger wa US Airways aliitua ndege iliyogongwa na bata-bukini juu ya Mto Hudson, New York, na watu wote 155 wakatoka salama. Mwezi mmoja baadaye aliitwa mbele ya kamati ya Bunge. Wabunge walitarajia simulizi la ushujaa. Aliwaambia kuwa mshahara wake umekatwa asilimia 40, kwamba pensheni yake imefutwa na kubaki kivuli, na kwamba hajui rubani hata mmoja anayetaka watoto wake waifuate kazi hiyo.

Saa 1,500

Kabla ya ushuhuda huo, usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya shirika dogo la Colgan Air, iliyokuwa ikifanya safari kwa niaba ya Continental, ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri, NTSB, uliona kwamba kapteni alijibu isivyopasa onyo kwamba ndege inapoteza mwinuko wa mabawa. Lakini vikao vya wazi viliibua mambo mengine yaliyowashtua Wamarekani. Rubani msaidizi, msichana wa miaka 24, aliishi na wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi, na alisafiri usiku kucha kwa kudandia ndege za mizigo ili afike kituo chake cha kazi Newark. Mshahara wake ulikuwa chini ya dola 25,000 kwa mwaka. Abiria aliyekata tiketi yenye jina kubwa hakujua kwamba anayemrusha analipwa sawa na muuza duka.

Familia za marehemu zilikwenda Washington mara nyingi, na Agosti 2010 sheria ikatiwa saini. Kabla yake, rubani msaidizi aliweza kuajiriwa na shirika la abiria akiwa na leseni ya biashara, ambayo hupatikana kwa saa 250. Kuanzia mwaka 2013 anatakiwa leseni kamili ya usafirishaji, yenye saa 1,500, au 1,000 kwa mhitimu wa chuo kikuu chenye kibali, na 750 kwa aliyetoka jeshini.

Wapinzani wa sheria hukumbusha jambo la kweli: marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshapita saa 1,500. Kapteni alikuwa na zaidi ya 3,300 na msaidizi zaidi ya 2,200. Kwa hiyo sheria haikutibu moja kwa moja kilichoangusha ndege. Ilitibu kingine. Kijana anayemaliza shule ya urubani, ambayo huko hugharimu takriban dola 100,000, sasa lazima atafute saa nyingine zaidi ya elfu kwa kufundisha wengine au kuvuta mabango angani kabla ya kuajiriwa. Kwa mshahara wa dola 20 kwa saa, wengi walipiga hesabu wakaacha. Mashirika madogo, yaliyozoea kupata watu kwa bei ya bure, yakakuta mlango hauna foleni. Wakati huohuo, Desemba 2012, wazee waliosogezewa umri walianza kufika miaka 65.

Bei ikaanza kupanda, kwanza kwa bakshishi za kusaini mkataba, mashirika yakitumaini hali itatulia wayaondoe. Halafu ikaja korona. Mwaka 2020 mashirika yalichukua mabilioni ya dola za serikali ili yasipunguze wafanyakazi, na wakati huohuo yakawashawishi marubani wakongwe kustaafu mapema. Delta pekee ilipoteza zaidi ya 1,700 kwa njia hiyo. Abiria waliporudi mwaka 2022, waliowahi kuketi kwenye kiti cha kapteni walikuwa wakivua samaki Florida. Juni 2022 mashirika madogo yanayomilikiwa na American yalitangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza. Kwa saa 75 za mwezi hiyo ni dola 81,000 kwa mwaka, kwa kazi iliyolipwa takriban 20,000 miaka 13 kabla.

Makubwa yakafuata. Delta ilisaini Machi 2023 kwa nyongeza ya asilimia 34 katika miaka minne, kisha American na United mwaka huohuo kwa nyongeza zilizofikia asilimia 40 na zaidi, na Southwest Januari 2024 kwa karibu asilimia 50. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha mshahara wa kati wa marubani wa mashirika ya ndege ulikuwa dola 114,200 mwaka 2012 na dola 226,600 mwaka 2024. Ukiondoa mfumuko wa bei, ni ongezeko la karibu asilimia 45. Si mara mbili kama inavyotangazwa, lakini ni kubwa. Sehemu yake, hasa kwa wakongwe, ni kurudishiwa kilichochukuliwa kati ya 2002 na 2005.

Gharama ipo. Mwaka 2022 American iliacha kutua Toledo na Ithaca, miji midogo iliyohudumiwa na ndege ndogo, ikitaja uhaba wa marubani. Shirika dogo lililofanya biashara kwa rubani wa dola 20 haliwezi kufanya biashara ileile kwa rubani wa dola 90. Swali la haki ni kama biashara ile ilikuwa halali tangu mwanzo, au ilikuwa ni ruzuku iliyotolewa na vijana kwa abiria wa Toledo.

Nairobi

Afrika Mashariki haina uamuzi namba 83. Rubani wa huku ana soko la aina nyingine: Ghuba. Mashirika kama Emirates ya Dubai, iliyoanzishwa mwaka 1985, huwalipa marubani wa kigeni bila kodi ya mapato, na nyumba na karo za watoto juu. Kenya Airways imelalamika kwa miaka mingi kwamba inasomesha na Waarabu wanavuna. Lakini Dubai haina chama cha wafanyakazi. Mwaka 2020 Emirates ilikata mishahara ya msingi kwa asilimia 25 hadi 50 kwa muda, ikapunguza watu, na hakuna aliyekuwa na mkataba wa pamoja wa kubishana nao. Wapo waliorudi Nairobi na masanduku yao.

Waliobaki Nairobi hawakuwa na raha pia. Novemba 5, 2022 marubani wa Kenya Airways, wapatao 400 kupitia chama chao cha KALPA, waligoma. Safari zilifutwa, abiria wakalala viwanjani, na serikali ikawaita wahujumu wa uchumi. Madai yao makuu hayakuwa nyongeza. Walitaka shirika lirudi kuchangia mfuko wao wa akiba ya uzeeni, michango iliyosimamishwa mwaka 2020, na walipwe mishahara iliyozuiwa wakati wa korona. Mahakama ya kazi iliamuru warudi, na Novemba 9 wakarudi.

Wengi mitaani waliwacheka, wakisema mtu anayelipwa vile anagomea nini. Waliocheka hawakuwa wameisikia United ya mwaka 2005. Shirika likibanwa, kitu cha kwanza kuguswa ni kile ambacho mfanyakazi hakioni mwisho wa mwezi. Rubani wa Nairobi, ambaye kama mwenzake wa Chicago hawezi kuhamisha ukongwe wake, ana sababu ya kuuogopa mfuko mtupu kuliko kuipenda nyongeza. Kinachoweza kulaumiwa ni kugoma ghafla katika shirika linaloishi kwa fedha za walipa kodi, ambalo serikali inamiliki asilimia 48.9 ya hisa zake. Lakini lawama hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama mwajiri naye angeeleza kwa nini michango ilikaa miaka miwili bila kulipwa huku ndege zikiwa zimerudi angani.

Na mzazi anayeuza kiwanja? Ahesabu kwa bei ya chini, si ya juu. Katika Marekani hiyohiyo ya mikataba minono, shirika la Spirit lilifilisika Novemba 2024, na mamia ya marubani wake wakapewa likizo bila malipo. Waliotangulia kutoka ni wale wa chini ya orodha, wengi wao wakiwa bado wanalipa mikopo ya shule.

Wenye mashirika madogo nao hawajalala. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha pendekezo la kupandisha umri wa kustaafu marubani kutoka miaka 65 hadi 67. ALPA ilipinga kwa nguvu, ikisema ni suala la usalama na la sheria za kimataifa. Yote mawili yana ukweli, lakini lipo la tatu ambalo halikutajwa sana: miaka miwili bila wastaafu ni miaka miwili ya orodha iliyosimama, na orodha ikisimama bei ya saa husimama nayo. Sheria ilipotoka Mei 2024, kifungu hicho hakikuwamo. Waliokipendekeza wameahidi kukirudisha.